Timu ya Unguja kwa Kokwa za Tende

Nikila tende, utamu unaonata vidoleni hunirejesha kwenye busati letu la Nizwa, kule Uarabuni tulikohamia kutoka Unguja. Kila alasiri, kahawa ikishanyweka, Baba alizipanga kokwa juu yake akachagua timu bora ya kriketi ya Unguja, ya tangu na tangu. Kila kokwa mtu: huyu wa kupiga, yule wa kudaka. Akimaliza hutazama mlangoni. Jirani zetu mchezo wenyewe hawakuujua. Hakuwa na wa kumbishia.

Siku moja nikaigusa kokwa mojawapo, sijui hata ni nani.

"Huyu hafai, Baba."

"Ati hafai! We umemwona wapi akicheza?"

Akanibishia mpaka adhana ya magharibi, huku anacheka.

Leo nimezipanga kokwa sahanini, peke yangu.

"Huyu hafai, Baba," nasema, nangoja.