Jina la Mama kwenye Tangi

Juzi nilipita mbele ya gereji moja hapa Mbarara, fundi akimwaga mafuta ya zamani ya breki kwenye kopo. Harufu ilinifikia kabla sijaliona kopo lenyewe: nzito, yenye utamu wa kuchefua, kama samaki aliyepikwa kwa sukari. Nikasimama, na vidole vya mkono wangu wa kulia vikajikunja vyenyewe.

Baba alikuwa na pikipiki, au moto kama tulivyoiita, kule Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Aliiendesha polepole mno, mbuzi hawakuona haja ya kumpisha, na abiria wake wengi walikuwa mama wazee waendao kliniki Base Camp. Kwenye tangi jekundu alikuwa ameandikisha jina la mama kwa rangi ya njano: MAPENDO. Ndilo neno la kwanza nililojua kusoma.

Baba alipofariki, mdogo wake alichukua pikipiki, pamoja na shamba, ambalo sisi tuliendelea kulilima kwa ruhusa yake. Nilikuwa na miaka minane. Baba mdogo aliishi nyumba ya pili, na kila jioni alikuja kuketi kwetu bila kukaribishwa. Siku moja nilimsikia mama akimwambia mlangoni, "Shemeji, moto umekamata, shamba umekamata. Mimi si kitu ya kurithi." Sikuelewa. Niliona tu kwamba tangu hapo hakutusalimia.

Jumamosi iliyofuata, mama akiwa shambani, baba mdogo aliniita.

"Sifa! Kuya hapa. Tunabadilisha mafuta ya fren."

Alinipandisha kwenye kiti, akaniwekea vidole kwenye leva ya breki. Yeye akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akachomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya breki, ncha ya pili ndani ya kopo. Kazi yangu ilikuwa kufinya na kushikilia. Analegeza skrubu, mafuta meusi kama chai iliyochacha yanatoka, anakaza, ndipo niachie. Kisha anaongeza mafuta mapya kwenye kikopo cha juu, tunaanza tena. Vidole vyangu vilikuwa vifupi. Viliteleza kabla hajakaza, na breki ikavuta hewa. Alisimama taratibu, akanizaba kofi, akachuchumaa tena.

"Hewa ikiingia, mutu anakufa. Finya."

Nilifinya nikilia hadi yakatoka mafuta masafi. Nikadhani tumemaliza. Akanipa lile kopo la mafuta machafu na kitambaa, na sauti yake, msishangae, ilikuwa tamu.

"Sasa pakaa fasi ya jina ya mama yako. Acha kwa jua kidogo, kisha pangusa na nguvu. Itang'aa."

Nilisahau kofi. Nilipaka herufi moja moja kwa uangalifu, nikiwaza jinsi mama atakavyofurahi. Baba mdogo aliketi kwenye jiwe, akawasha sigara, akangoja. Nilipopangusa, M ilijikunja kama utando wa maziwa, ikaja na kitambaa. Nikasugua zaidi, nikidhani ni uchafu. Jina lilipokwisha lote nilimtazama. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Mama alitokea na jembe begani. Alitazama tangi, kisha kitambaa, kisha mikono yangu ya njano.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mutoto wako," alijibu baba mdogo. "Angalia mikono yake."

Mama alivua kandambili akanipiga pale pale, na baba mdogo akatazama mpaka sigara yake ikaisha. Baadaye alihamia Ngarama na pikipiki yake, hatukumwona tena.

Miaka mingi niliamini kwamba mama alidanganyika. Nilipokuja kujua ukubwani kwamba mafuta ya breki hula rangi, na kwamba kila mwendesha pikipiki anajua hivyo, nilipanda gari hadi Nakivale kumweleza. Nilimkuta akimenya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Nilijua, mwanangu. Nilijua pale pale."

"Sasa mbona ulinipiga?"

"Tulikuwa tunakula kwa shamba yake. Yeye ningemupiga na nini? Nilikuwa na hasira, na wewe ulikuwa karibu."

Akaendelea kumenya. Nilikuwa nimekwenda kumfungua macho, kumbe asiyejua nilikuwa mimi. Nawaambia ukweli: ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa amedanganyika.