Bwana Afya Aliyebaki

Machinjioni walimwita Kisu Kimya, kwa sababu alikagua nyama bila maneno mengi. Alikuwa bwana afya wa halmashauri. Kila alfajiri alipasua maini, akaminya mapafu, ndipo akapiga muhuri wa buluu. Ini likiwa na madoa lilikwenda shimoni, hata mchinjaji alie kama aliyefiwa.

"Kisu Kimya, unanitia umaskini!"

"Bora ulie wewe peke yako kuliko mji mzima uharishe."

Zamani walikuwa wakaguzi watatu. Wa kwanza kuondoka alikuwa dada mmoja hodari, aliyefokewa na mkurugenzi mbele ya wachinjaji kwa kuchelewa, ilhali alikuja kwa miguu. Pikipiki ya idara alikuwa nayo dereva wa mkurugenzi, anapelekea watoto wa bosi shule. Mwezi haukuisha, akapata kazi kiwanda cha maziwa. Wa pili alikuwa rafiki yake Kisu Kimya wa kufa na kuzikana. Alipokuja kuaga alisema, "Kaka, mimi si mti. Kule nilikoitwa, mtu akifanya kazi anaambiwa asante."

Kisu Kimya akabaki na kazi ya watatu. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa, wote walijua ni yake. Akapewa shemeji wa mkurugenzi, mtu ambaye akiona damu anaomba kiti. Aliomba mabuti ya mpira, akaambiwa bajeti imekaza. Wiki hiyohiyo ofisi ya mkurugenzi ikapata mapazia mapya.

Ndipo akapanda ngazi kwenda kusema.

"Mzee, wenzangu wameondoka. Peke yangu siwezi."

Mkurugenzi hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mlango uko wazi, ndugu yangu. Hao walioondoka, wameondoka, na nyama bado inaliwa."

Alijaribu kweli kutoka. Kiwanda cha maziwa kikamjibu kwamba kinataka vijana. Akarudi machinjioni, na asubuhi moja akaacha kuminya mapafu. Hakuna aliyeuliza. Baadaye akaacha na maini. Mwishowe akawa anakaa kwenye benchi, nyama inapitishwa mbele yake, yeye anagonga muhuri tu. Wachinjaji wakampenda ghafla. Wakawa wanamfungia steki.

Jioni moja mkewe, akikata vitunguu, alimtazama shati.

"Baba watoto, siku hizi shati lako linarudi bila tone la damu."

"Kazi imepungua."

"Imepungua vipi, na umebaki peke yako?" Akaweka kisu chini, kando ya steki aliyoileta mumewe. "Hii nyama uliikagua?"

Akainama kufungua viatu. Mke akaichukua, akaenda kuifukia nyuma ya nyumba. Wakala maharage, hakuna aliyenyanyua kichwa.

Kesho yake alitoka nyumbani ameazimia kufanya kazi kama zamani. Ng'ombe wa kwanza alikuwa amekonda, na alipopasua ini lake aliona madoa meupe, yametapakaa. Mchinjaji akasubiri. Kisu Kimya alisimama na ini mkononi, akitafuta ile hasira yake ya zamani, ile iliyokuwa ikimpa nguvu ya kusema hapana. Akaitafuta, asiione.

"Vipi, bwana afya?"

"Pitisha," akasema, akanyoosha mkono kuchukua muhuri.

Nyama ikapakiwa, ikapelekwa sokoni.