Pua ya Muuguzi wa Kliniki ya Wajawazito

Kadi ya kliniki ilikuwa na mstari mmoja wa kumuuliza mjamzito kama anakunywa pombe. Kwa miaka kumi na mmoja muuguzi huyu hakumsomea mtu mstari huo. Ana pua, alisema, na haijawahi kumdanganya. Wenzake wakamwita Mama Pua, naye akalipokea jina kama cheo. Aliyenukia sabuni aliandikiwa "hapana". Aliyenuka jasho alipewa mahubiri, mlango ukiwa wazi, ili benchi zima la nje lifaidike.

Asubuhi ile yalimwangukia mwosha chupa, mimba ya miezi saba, aliyetoka kazini moja kwa moja.

"Unanuka kilabu, mama! Mtoto unamlewesha tumboni?"

"Sista, mie naosha chupa za bia. Hata tone sijawahi kuonja."

"Wote husema hivyo." Akaandika "ndiyo", akaipigia mistari miwili, akamrudisha benchini asubiri.

Akaingia karani wa benki, miezi minne, marashi yamemtangulia. Mama Pua akatabasamu mpaka gego, akaandika "hapana" kabla mgeni hajakaa.

"Hujaniuliza," karani akasema.

"Nikuulize nini, mwanangu? Wewe na pombe wapi na wapi!"

"Mvinyo. Chupa nzima kila jioni, tangu kabla ya mimba. Juzi nilijaribu kuacha, mikono ikatetemeka hata vifungo vikanishinda. Nimekuja kwa hilo tu. Naogopa nimeshamdhuru mtoto."

"Lakini nimeshaandika kwa wino."

Hivyo ndivyo alivyosema, mtu aliyesomea ukunga miaka mitatu.

Karani hakuinuka. "Basi kata."

"Na yangu, Sista, maadamu umeshika kalamu!" mwosha chupa akapaza sauti kutoka nje, mlango bado wazi. Benchi likaangua kicheko.

Mama Pua akakata ya karani. Chini kabisa ya droo akaikuta fomu ya maswali ya pombe, kurasa zimegandana kwa kutoguswa. Akazibandua kwa ukucha. Maelezo ya mwisho yalisema anayetetemeka asiache ghafla peke yake. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mama Pua hakuwa akilijua hilo. Daktari mwenyewe alikuwa chumba cha pili.

Akasoma maswali yote, kidole kikifuata mstari. Karani akayajibu yote, kisha akapelekwa kwa daktari.

Kadi ya mwosha chupa ilibaki mezani na mistari yake miwili, mpaka mwenyewe alipoingia, akachukua kalamu na kuikata ile "ndiyo".