Jiwe Kutoka Barabara ya Msaada

Salge Hembrom nimemjua tangu akibebwa mgongoni, hapa kijijini kwetu, upande wa Dumka, India. Baba yake, Budhrai, alikwenda Bhutan kupasua miamba, kwenye barabara ambayo India iliwajengea majirani kama msaada. Hakurudi. Wala mfupa wake haukurudi, na kwetu sisi Wasantali, maiti ambaye kipande cha mfupa wake hakijatiwa katika mto Damodar hajafika kwa wazee wake. Mkewe akakaa miaka kumi na tisa bila kufanya karamu ya kumaliza matanga.

Mtoto akasoma, akasoma, mpaka akafika Delhi kufanya utafiti wa uzamivu: nchi yetu, ambayo juzi tu ilikuwa ikinyoosha mkono kuomba misaada, sasa inawapaje wengine? Watu walidhani anautaka udaktari. Kumbe alikuwa akitafuta jina moja kwenye majalada. Miaka minne alipekua orodha za vibarua, na Hembrom hakumwona.

Wakati wa mavuno akaja, akanikuta naanika mpunga. Mimi nimetangatanga sana, na msimu mmoja niliwapikia vibarua wa barabara ile, nikaondoka kabla ya mvua.

"Babu, eti baba hakufika kule."

"Nani kasema? Alikuwa akila wali wangu na kuutukana kila siku!"

"Mbona jina lake halimo?"

"Litakuwamoje? Nyapara alikuwa na kadi za watu walioacha kazi, akatugawia sisi. Baba yako alikuwa Chunu Murmu. Mimi nilikuwa Lakhan, nikazoea hata nikawa naitika usingizini."

Hakucheka.

"Miaka minne, Babu! Nawe upo hapa hapa!"

"Hukuniuliza, mjukuu wangu. Nilijua huko Delhi wanajua kila kitu."

Akarudi kwenye majalada yake. Chunu Murmu alikuwamo, mistari miwili tu: amefunikwa na maporomoko, kilomita ya arobaini na moja, mwili haukutolewa, kazi ilisimama siku mbili. Salge akapanda mabasi mpaka mahali penyewe. Pamewekwa lami, pamenyooka. Akaokota jiwe pembeni, akaja nalo.

Mama yake akaweka ungo chini, akaligeuzageuza mkononi. Nilikuwa nimeketi nao uani.

"Hili si mfupa."

"Najua, mama. Lakini limetoka palepale alipo. Tulipeleke mtoni, tumalize."

"Mto si mjinga, mwanangu. Nikaudanganye?" Akalifuta vumbi kwa ncha ya sari. "Yeye hasa yuko wapi?"

"Chini ya barabara."

"Na magari yanapita?"

"Yanapita, mama."

"Mengi?"

"Mengi. Usiku na mchana."

"Basi hata kulala hajalala," mama akasema. Akainuka, akaliweka jiwe ndani, karibu na chungu cha mchele, mahali pasipopita mtu, akarudi kupepeta.