Sumu Kwenye Maharage

Kikundi chetu cha wakulima hapa Nyaishozi kilipoanza kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaonyesha wanachama mavuno yao. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaelekeza projekta ukutani, nikaiuliza kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zetu, kila familia imevuna kilo ngapi za maharage. Majibu yakatokea vizuri, ila juu ya safu ya kilo kompyuta ilikuwa imejiandikia yenyewe: SUM(maharage).

Mama mmoja jirani yetu, aliyekaa mbele, akasoma polepole kwa sauti, kisha akanigeukia.

“Mwanangu, maharage yetu yana sumu?”

“Jamani, na mimi nimeyala asubuhi!” akadakia mzee mmoja huku ameshika tumbo. Watu wakaanza kunong'ona.

“Hapana, mama,” nikasema nikijikaza nisicheke. “Hiyo SUM ni Kiingereza, kompyuta inamaanisha jumla.”

Nikarudi kwenye amri yangu, nikaongeza AS, neno la kuipa safu jina jingine, na maneno “Jumla ya maharage”, nikabonyeza. Kichwa cha safu kikabadilika palepale, kilo zikabaki vilevile.

“Kumbe unaweza kuandika upendavyo?” mama akauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Basi andika ebihimba, kama tunavyoyaita nyumbani.”

Nikaandika. Ukumbi mzima ukalisoma neno hilo la Kinyambo kwa pamoja, watu wakacheka na kupiga makofi. Mama akasogea hadi ukutani kutafuta jina lake, na alipoliona akapiga vigelegele.