Hati za Chakula cha Madereva

Hoteli yangu ilikuwa kibanda cha mabanzi kando ya barabara, pale malori yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia Biharamulo mjini. Nilipika maharage, ndizi na ugali wa muhogo, na chai siku ambazo sukari ilipatikana. Wateja wangu walikuwa watu wa sokoni na abiria wa basi. Mtu alikula, akalipa, akaenda zake.

Vita vya Kagera vilipoanza, yakaja malori. Mengi yalikuwa ya watu binafsi, yamechukuliwa na serikali pamoja na madereva wake kupeleka vyakula na vifaa Bukoba. Madereva hao hawakuwa na fedha. Walipewa hati, vikaratasi vyenye mhuri na sahihi ya mkuu wa msafara, ili mwenye hoteli akalipwe baadaye. Akalipwe Mwanza. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria jikoni, Mwanza ningefikaje?

Ikabidi tuchague mtu wa kutugeuzia hati hizo kuwa fedha.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka pale mjini, Mwislamu, ambaye baba yake alikuja kutoka Pangani enzi za Wajerumani. Yeye alinunua hati papo hapo. Alikata robo, na iliyobaki alikupa fedha au unga na chumvi, upendavyo. Na kulikuwa na duka la ushirika la kijiji chetu. Katibu wake alisema atazikusanya hati za wanakijiji wote na kuzipeleka kwa njia ya wilaya, bila kukata hata senti.

Mimi nilimtaka mzee wa duka. Nilimweleza mume wangu hivyo tukiwa shambani.

"Robo nzima?" akauliza. "Wewe uungue moto, yeye akae kwenye kiti akate robo?"

"Baba watoto, unga nautaka leo. Madereva wanakula leo."

"Ushirika ni wetu. Utasubiri kidogo, utapata chote."

Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa mtu safi. Alikuwa wa kwanza kubomoa nyumba yetu ya zamani tulipoambiwa tuhamie kijijini, ilhali wengine walingoja wabomolewe. Aliyaamini maneno ya mikutanoni kwa moyo wote. Kwa hiyo haikumtosha kukataa kimyakimya. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akasema watu wasipeleke hati zao mjini.

"Yule mzee ni kupe!" alisema. "Vijana wetu wanakufa kule mbele, yeye huku ananyonya!"

Watu wakapiga makofi. Wajukuu wawili wa mzee walikuwa wamesimama nyuma, wamekuja kununua mkaa. Niliwaona wakiondoka bila mkaa. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, bibi yao ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, siku tatu mfululizo. Nikainamisha kichwa, nikajifanya ninamfunga mtoto vizuri.

Hati zetu zikaenda ushirika. Kila nilipomuuliza katibu, alijibu kwa upole kwamba ziko wilayani. Baadaye ziko mkoani. Baadaye zimerudi, mhuri haukuonekana vizuri, zimepelekwa tena. Sidhani kwamba alikula fedha yetu. Alikuwa na viatu vilevile vilivyotoboka mwaka mzima. Lakini malori hayakungoja hati zirudi. Nilimaliza maharage ya ndani, nikamaliza ya mbegu, nikauza mbuzi ili nipate mengine, nayo yakaisha.

Asubuhi moja likasimama lori. Dereva mmoja mtu mzima akashuka na wenzake, wamejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Mama, tupatie chochote."

"Hakuna kitu, baba."

Akadhani nawakataa kwa sababu ya hati. Akaingia jikoni, akafunua sufuria, ya kwanza, ya pili. Zote zilikuwa kavu. Akanitazama, akawatazama wanangu waliokaa kwenye majivu. Alirudi kwenye lori, akaleta unga na samaki wakavu, chakula chake mwenyewe cha njiani, akasonga ugali kwenye moto wangu. Akawapakulia wanangu kwanza. Akanipa na mimi, kwenye sahani yangu mwenyewe, ndani ya hoteli yangu mwenyewe.

"Kula, mama," akasema. "Unanyonyesha."

Nilikula nimewapa mgongo.

Siku hiyohiyo nilichukua hati chache nilizokuwa bado sijampa katibu, nikaenda mjini. Nilipita uani. Mke wa mzee alinipokea kama alivyonipokea siku zote, akaniwekea mkeka, akamwita mumewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta hati?"

"Ndiyo, mzee."

"Mumeo anajua?"

Nikautazama mkeka.

"Basi sizipokei," akasema. "Kesho nitaambiwa nimemnyonya hadi mke wa balozi. Mwambie aje mwenyewe. Na apite mbele."

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo. Nilimweleza na habari ya dereva, jinsi alivyofunua sufuria. Nilidhani atafoka. Alichukua shati lake la mikutanoni, akalivaa, akavua, akavaa lile la shamba.

Tulikwenda pamoja. Dukani kulikuwa na watu, wengine wa kijiji chetu. Mzee alikuwa anampimia mama mmoja mafuta ya taa. Mume wangu akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo," akasema.

Mzee hakuinua macho. Mafuta yalishuka polepole kwenye chupa, hadi tone la mwisho. Akaipokea fedha, akahesabu chenji, akafuta mikono kwa kitambaa. Niliona shingo ya mume wangu ikilowa jasho, na nilitamani mtoto alie ili nipate sababu ya kutoka.

"Marahaba," mzee akasema mwishowe. "Nikusaidie nini, balozi?"

"Hati za mke wangu."

"Zamani nilikata robo. Siku hizi sijui kama zitalipwa. Nakata nusu."

"Sawa," akasema mume wangu. Wakati wa kurudi alitangulia mbele. Nilibeba unga kichwani, mtoto mgongoni. Nilitaka kumshika mkono, lakini kwetu mke hamshiki mumewe mkono barabarani.

Hoteli ikaendelea hadi vita vilipokwisha. Hati za ushirika hazikurudi. Mume wangu aliomba kuacha ubalozi, akasingizia mgongo. Watu walimkubalia haraka mno, na hilo lilimuumiza kuliko yote.

Miaka michache baadaye nilikutana na mke wa mzee hospitalini, tumepanga foleni ya dawa. Mumewe alikuwa anaumwa. Katika kuzungumza akaniambia zile hati walizonunua hazikulipwa zote. Nyingi zilikataliwa kule Mwanza, na duka lao halikurudi kama zamani.

"Mbona hamkutuambia, mama?"

"Tuwaambie ili iweje? Mzee alisema mtadhani tunadai."

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mume wangu. Alikuwa anaparua mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Akaendelea kuparua, pale pale, hadi mpini ukaanza kuwa mwembamba.

"Hali yake ikoje?" akauliza.

"Mbaya."

Alfajiri alikata mkungu wa ndizi, akaufunga kwenye baiskeli, akaenda mjini. Alirudi adhuhuri bila mkungu. Nilimuuliza wamezungumza nini.

"Alikuwa amelala," akasema. "Nimekaa tu."