Punguza, Ng'wanone

Amplifaya yenyewe nzito kama gunia la mchele. Walioileta hapa nyumbani Masumbwe walikuwa wanaume wawili, na bado walihema. Muuzaji kanipa siku tatu niijaribu. Nisiporidhika, arudi kuibeba. Siku mbili za kwanza nimeisumbua, acha tu. Nimetega sikio kwenye spika bila muziki wowote, haivumi hata kidogo. Nimepandisha sauti mpaka vikombe vya kabatini vikalia, mwimbaji kabaki palepale katikati ya spika mbili, hakwaruzi. Mume wangu kachoka. "Mama watoto, si umwambie tu tunaichukua?" Hajui kwamba mtihani wenyewe bado. Mtihani ni kaseti hii niliyoishika.

Kaseti ni ya babu. Alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, akafa mimi sijazaliwa. Kuna mtu alimrekodi uwanjani akiimba, na bibi akabakiwa na sauti hiyo tu. Hata picha hakuwa nayo.

Baba alikuwa mchimbaji. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia, lilipotema dhahabu, wenzake walinunua mabati, yeye akarudi na amplifaya, deki ya kaseti na maspika mawili marefu kunizidi. Umeme hatukuwa nao, akaunga vyote kwenye betri moja ya gari. Kazi ya kukaa kwenye kitufe cha sauti nikapewa mimi, maana vidole vyangu vilikuwa vidogo na, eti, sikuwa na papara.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuipima. Anakaa kwenye kigoda, michembe ya viazi vitamu vikavu inachemka jikoni, harufu ya karanga imejaa uani. "Punguza, ng'wanone," ananiambia. Mwanangu, punguza. Napunguza. "Tena." Napunguza mpaka nasikia kuku wakiparura nje. Hapo ndipo anapotabasamu, kwamba sasa anazisikia njuga za miguuni, moja moja. Kwake mashine nzuri ni ile inayosema vizuri ikiwa chini. Na palikuwa na mahali, baada ya ubeti wa pili, ambapo aliacha kila kitu akaenda kubandika sikio kwenye spika. Sisi tulisikia mkwaruzo tu. Nilimuuliza anasikia nini, akacheka peke yake. "Ya wakubwa hayo!"

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na jirani mwenye duka, naye ana muziki wake mnene. Nawe unatujua Wasukuma, ngoma zetu ni za kushindana. Manju wawili wanasimama uwanja mmoja, na watu wakikimbilia kwa mmoja, mwenzake kwisha habari yake. Baba akaona amplifaya nazo zipimwe hivyohivyo. Jumapili moja, watu wanatoka kanisani, akatoa maspika uani, jirani akatoa ya kwake. Barabara ikajaa. Jirani akapiga dansi, vijana wote wakamiminika kwake. Baba akaingia ndani, akatoka na kaseti ya babu.

"Hiyo usiiguse," bibi akasema.

"Mama, wazee wote watakuja huku. Leo atanijua!"

Na kweli walikuja. Babu alipoanza kuimba wazee waligeuka, kina mama wakapiga vigelegele, barabara ikaanza kuhamia kwetu. Jirani akaongeza. Baba akanipigia kelele, "Ongeza!" Bibi kasimama mlangoni, mkono kifuani. Sikumsikia, nilimsoma midomo: punguza, ng'wanone. Nikamtazama bibi, nikamtazama baba. Nikaongeza.

Amplifaya ikainyonya betri. Deki ikaanza kwenda kwa uvivu, sauti ya babu ikashuka, ikawa nzito, ikakoroma, watu wakacheka. Kisha ikanyamaza. Baba alipofungua deki, utepe ulikuwa umetafunwa ndani ya magurudumu. Ili kuutoa, ilibidi aukate.

Bibi alikaa na utepe mapajani, akakata kipande kilichosagika, urefu wa mkono hivi, akaunganisha ncha kwa selotepu. Nikalia, nikamwomba radhi. "Nyamaza," akasema. "Mimi nilishasikia." Kuanzia siku ile hakuniambia tena punguza.

Bibi hayupo, baba hayupo, na lile duka siku hizi ni kituo cha mafuta. Nimeitia kaseti kwenye deki ya zamani niliyoitengenezesha, taratibu, maana utepe huu ukikatika tena sina mwingine. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Njuga zikaja, moja moja. Ubeti wa pili ukaisha, nikabandika sikio kwenye spika kama yeye. Pale palipokuwa na mkwaruzo pana watu wanacheka, pana babu anavuta pumzi. Halafu anasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, haimbi kabisa: "Na wewe uliyesimama kule nyuma na mtoto mgongoni, wewe ndiye..."

Selotepu, pale palipokatwa. Ngoma.

Mtoto wa mgongoni alikuwa baba, na aliyembeba ni bibi. Kesho muuzaji akija nitamwambia mashine inabaki, haina kasoro, imenipa kila kilichomo. Wewe ndiye nani, sitajua. Bibi alijua, na mkono ulioongeza sauti ni huu wangu.